REDIO YA TAA ILIYOMO GHALANI



Maneno haya tuliyasema kwenye darasa la kisomo. Tunayabandika hapa kwa ajili ya wale waliokuwa shambani. Wapo wenzetu wanaotaka ile redio kuukuu ya ghalani ipimwe kilo, iuzwe chuma chakavu. Haya, lakini kwanza tujue tunauza nini.

Ndani yake mna vichupa vya kioo kama globu. Hizo ndizo valvu. Hewa imetolewa, umebaki uzi unaopashwa moto kwa umeme. Ukipata moto hutoa chembe za umeme, nazo huvutwa na bamba la chuma lililo karibu. Ya kwanza aliitengeneza Mwingereza John Ambrose Fleming, mwaka 1904. Umeme ulipita upande mmoja tu, kama samaki kwenye dema: kuingia kupo, kutoka hakuna.

Haikupita miaka mingi, Lee de Forest wa Marekani akatia wavu wa waya kati ya uzi na bamba. Hapo ndipo penye kazi. Umeme kidogo sana wa kutoka angani ukigusa wavu, unatawala ule mkubwa unaopita, kama mtu mmoja anavyofungua mlango wa mfereji maji yakajaa shamba zima. Sauti dhaifu ikasikika chumba kizima. Ajabu ni kwamba de Forest mwenyewe alidhani hewa kidogo ibaki ndani! Akina Irving Langmuir ndio walioonyesha kuwa itolewe kabisa.

Taabu ilikuwa kula. Valvu ya UV-201, ya mwaka 1920, ilikula ampea 1 kwa kupasha uzi tu. Redio ya valvu nne ilitaka betri kama ya gari, tena na betri nyingine za volti 45 na zaidi. UV-201A iliyofuata ilikula robo yake. Mwaka 1927 zikaja za kuchomeka ukutani, basi wa mjini wakapumua. Mkulima asiye na umeme, hata huko Marekani, akabaki na betri zake.

Huku Afrika, mwaka 1949, Rhodesia ya Kaskazini, ndiyo Zambia, waliuziwa redio ya valvu yenye umbo la sufuria, ya betri kavu, kwa pauni 5. Si hela ndogo hiyo kwa mkulima. Transista, iliyovumbuliwa 1947, ndiyo iliyokuja kutupunguzia gharama.

Yetu ni ya kuchomeka ukutani. Tafadhali vijana, msiifungue: umeme mkali huweza kubaki ndani hata waya ukichomolewa. Itakaa ghalani, imefungwa, mpaka kikao cha Jumamosi.

Katibu