Kodi isiyorudi inafukuza watu

(Maneno yaliyosemwa mbele ya vijana wa Butembo)

Tunajua wengine mumetoka Bulengera na Vulamba kwa miguu, wengine mumefunga kioski, wengine mumeacha moto ikisimama bila kazi. Hatutawachelewesha.

Leo hatutaongea juu ya nani atakuwa waziri. Tuko na swali moja tu: kwa nini mutu anaacha mahali alipozaliwa, anakuja kupanga chumba kimoja hapa mjini? Sisi wote tumezoea kujibu: vita. Ni kweli. Lakini ukae na hao wenye walikimbia, uwaulize polepole, utasikia neno lingine pia: kodi.

Kuna mama mmoja kutoka Rutshuru anayeuza maharagi hapa sokoni. Alituelezea kwamba risasi walikuwa wanaikimbia, kisha wanarudi shambani. Kilichowashinda ni jeton. Wenye hawajaishi kule wajue: jeton ni kikaratasi ambacho wenye silaha wanakuuzia kila mwezi. Bila kile kikaratasi huendi shamba, huendi soko. Katika vijiji vingine vya Rutshuru kodi hiyo imepewa hata jina la kubembeleza: « lala salama ». Unalipa ili yule yule mwenye bunduki asikuamshe usiku. Mama alipiga hesabu: jeton yake, jeton ya bwana, jeton ya kijana mkubwa, halafu bariere mbili mbele ya soko. Maharagi yalikuwa yanabakia ya kupika tu. Njo akafunga mizigo.

Na bariere si hadithi. Mwaka 2017 watafiti wa IPIS walihesabu bariere 798 katika Kivu ya Kaskazini na ya Kusini. Nyingine za makundi ya silaha, lakini nyingi sana za watumishi wa Leta wenyewe. Mkulima hana haja ya kusoma kitabu ili aelewe hesabu hiyo. Anaona gunia likipungua njiani, anaamua kukaa karibu na soko. Kukaa karibu na soko maana yake kuhamia mji.

Wakamarade, hii haikuanza jana. Mwaka 1903 Leopold II aliandika sheria kwamba kila mutu wa Congo atoe masaa 40 ya kazi kwa mwezi kama kodi. Huko kwenye mpira, masaa yale hayakuwa na mwisho. Vijiji vizima vilikimbilia porini, wengine wakavuka mto kwenda upande wa Wafaransa. Kisha Wabelgiji wakaleta kodi ya kichwa, ya pesa. Mahali hapakuwa na pesa, wababa walilazimika kuacha familia na kwenda kuitafuta kwenye migodi na mashamba ya wazungu. Kwa hiyo tukisema kodi inahamisha watu, hatusemi kitu kipya. Babu zetu walishaionja.

Sasa tuje hapa mjini, kwa sababu yule mama alifikiri kwamba amemaliza. Hajamaliza.

Tuko na sheria ya mwaka 1969 juu ya kodi ya kiwanja na nyumba. Imegawa mahali katika ngazi nne: wa ngazi ya juu analipa zaidi, wa ngazi ya chini analipa kidogo. Ndani ya kichwa cha sheria ni kitu kizuri: mwenye barabara, maji na umeme achange zaidi. Lakini tembeeni wenyewe katika kartie zetu. Mnalipa kama watu wa mji, mnachota maji kama watu wa porini.

Kisha kuna kodi ya mapato ya kupangisha. Kwa miaka mingi kiwango chake katika sheria kimekuwa 22%. Sheria inasema kwamba ni mapato ya mwenye nyumba yanayokatwa. Lakini munajua inavyoendaga. Mwenye nyumba akiisha kusikia watu wa kodi wamepita, mwezi unaofuata anapandisha bei ya chumba. Mpangaji hasomi kodi hiyo kwenye karatasi yoyote, lakini yeye njo anailipa. Akishindwa, anasogea pembeni ya mji, kwenye mteremko wenye mmomonyoko, ambako mtu wa kodi hafiki. Na kama mtu wa kodi hafiki, barabara nayo haifiki, shule haifiki. Ule mama sasa amehama mara ya pili, na hakuna aliyemuhesabu kama mkimbizi.

Wenye uwezo nao wanahama kwa njia yao. Tangu zamani kuna watu waliofanya kazi Goma na kulala Gisenyi, upande wa Rwanda. Wakati ule, mbele hata Goma haijaanguka mikononi mwa M23 katika Januari 2025, walikuwa wanavuka jioni na kurudi asubuhi. Waliogopa wezi wa usiku, walitafuta umeme. Tusiwatukane. Hawakukimbilia nchi isiyo na kodi. Rwanda watu wanalipa kodi sana. Walikimbilia mahali ambapo mutu akilipa anaona kitu.

Hapo njo tunataka mutusikilize vizuri. Sisi hatuko hapa kusema: musilipe. Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 174, inasema mambo mawili pamoja: hakuna kodi bila sheria, na kuchangia mahitaji ya wote ni wajibu wa kila anayeishi Congo. Kifungu cha 30 kinampa kila mutu haki ya kutembea na ya kuchagua mahali pa kukaa. Bariere ya mzungusho inavunja vyote viwili siku moja: inachukua pesa bila sheria, na inakuchagulia pa kukaa.

Na sisi watu wa Butembo hatuwezi kusema kwamba hatupendi kuchanga. Leta ilipokuwa haiko, wafanyabiashara na wakaaji wa mji huu walichanga pesa kutengeneza barabara. Hakuna aliyehama kwa ajili ya mchango ule. Kwa nini? Kwa sababu mutu alitoa franga leo, kesho akaona greda.

Kodi inayorudi inamfanya mutu ajenge nyumba ya matofali. Kodi isiyorudi inamfanya apange mizigo karibu na mlango.

Kwa hiyo tunaomba nini?

Kwanza, kwa wakubwa wa Kinshasa: kifungu cha 175 cha Katiba kinasema 40% ya mapato ya taifa ni ya majimbo, nayo ikatwe pale pale inapokusanywa. Miaka mingi imepita, na majimbo bado yanangojea Kinshasa itume. Jimbo likikosa haki yake, linarudi kukamua mama wa maharagi.

Pili, kwa wakubwa wa mji na komine: bandikeni mlangoni orodha ya kodi zote zenye sheria, na kiasi cha kila moja. Na chini yake muandike pesa ya mwaka uliopita ilifanya nini. Ukurasa mmoja unatosha. Hali ya dharura, iliyoanza hapa Mei 2021, haikufuta haki ya mwananchi ya kuuliza.

Tatu, kwa wenye kusimamia njia: bariere zote zisizo na sheria ziondoke. Zote, hata zile za wenye uniforme.

Nne, kwa sisi wenyewe. Usitoe pesa mkononi. Omba karatasi, lipa banki, chunga risiti. Wamotari, wamama wa soko, wanafunzi: kila mara munapolipishwa bila karatasi, muandike tarehe, mahali na kiasi. Musigombane na mwenye bunduki, musimtukane, mandiko yenu yana nguvu kuliko mawe. Muwaletee wakamarade wa kartie yenu. Tutakusanya, tutapeleka mbele ya meya mchana kweupe, bila fimbo, bila jiwe.

Ule mama alituuliza kitu kimoja mbele ya kuachana. Hakuuliza kama kodi itapunguzwa. Aliuliza kama siku moja ataweza kulipa kodi kijijini kwake, mara moja tu kwa mwaka, kwa mutu mmoja anayejulikana, kisha arudi kulima.

Hatukuwa na jibu la kumupa. Tumekuja kulitafuta pamoja na ninyi.