Kijana Aliye Ng'ambo na Shahada ya Pili

(Maneno ya Karani wa Chama katika Mkutano wa Mwaka)



Katika barua zilizofika mezani pangu mwaka huu, iko moja iliyozusha maneno mengi. Kijana wetu, ambaye chama hiki kilimchangia nauli ya kwenda Marekani, amemaliza shahada ya kwanza, naye aomba ridhaa yetu akae miaka miwili zaidi apate ya pili. Wako waliosema, "Ametukimbia." Niwieni radhi nikitoa rai iliyo tofauti.

Mwalijua jina la marehemu Profesa Wangari Maathai, mzaliwa wa Nyeri. Alikwenda Marekani mwaka 1960, na mwaka 1964 akapata shahada ya kwanza katika chuo cha watawa huko Atchison, Kansas. Lau angaliitwa nyumbani siku ile, pengine angalirudi mwalimu mwema, basi. Lakini aliendelea hata Pittsburgh, akasoma elimu ya viumbe. Aliporejea mwaka 1966, kama alivyosimulia mwenyewe, alikuta kazi aliyoahidiwa kwa barua katika chuo cha Nairobi imekwisha kupewa mtu mwingine. Hilo, ndugu zangu, ndilo la kututia hofu, kuliko miaka miwili ya kungoja! Bahati njema Profesa Hofmann, Mjerumani, alimpa kazi katika idara ifundishayo maungo ya wanyama, tena akamhimiza kwenda Ujerumani kufanya utafiti, Giessen na Munich. Akarudi 1969, na mwaka 1971 akatunukiwa udaktari papa hapa Nairobi, mwanamke wa kwanza wa Afrika ya Mashariki na ya Kati kuipata daraja hiyo.

Alikwenda, akarudi, akaenda tena. Nani angalithubutu kusema alitukimbia?

Kijana wetu haombi fedha. Chuo chake kitamlipa kwa kuwasaidia walimu kufundisha, desturi iliyoenea sana vyuoni huko. Nami nitunzaye hesabu zetu nashukuru. Anachouliza ni kama mama yake atatazamwa, na kama akirudi atapata pa kufanyia kazi.

Kwa hiyo naomba tumpe ridhaa, kamati ya akina mama imtembelee mzazi wake kila mwezi, na Mwenyekiti aanze sasa, si mwaka wa kurudi kwake, kubisha hodi katika vyuo vyetu. Barua ya majibu nimekwisha kuiandika. Yangoja sahihi tu.