Wazo la Wengi, Hati ya Wengi



Kwa kuchangiana, jumuiya yetu ya hapa Manchester haina mfano. Akifariki mwenzetu, michango huanza siku hiyohiyo mpaka mwili ufike nyumbani. Harusi tunachanga, ada za watoto tunachanga. Lakini likija wazo la biashara, kila mtu hulificha chumbani kwake, na huko huko linafia. Ninaomba tubadilike: tubuni bidhaa pamoja na tuzimiliki pamoja.

Chukueni achari ya maembe tuliyokula mchana huu. Aliyeipika anajua kiasi cha haradali, pilipili na mafuta, lakini dukani haiingii ikiwa kwenye ndoo. Sheria ya hapa inataka biashara ya chakula isajiliwe kwa halmashauri siku 28 kabla ya kuanza. Haradali nayo ni miongoni mwa vitu 14 vya mzio, kwa hiyo lazima ionekane wazi kwenye lebo. Humu ukumbini wamo wachoraji wa lebo, wamo wanaofanya kazi viwanda vya chakula, wamo madereva wanaofahamiana na wenye maduka, wamo wahasibu. Kila mmoja ana kipande, na vipande hivyo vikikutana, chupa inafika sokoni.

Ikishafika, ndipo maneno huanza. Huyu anasema mapishi ni yake, yule anasema fedha ni zake, na undugu unavunjika. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Basi kabla ya chupa ya kwanza kujazwa, tuandike: nani ameleta nini, ana hisa ngapi, nani anaamua, na anayejitoa anaondoka na nini. Kwa kifaa kipya jambo hili ni zito zaidi. Sheria ya Hataza ya Uingereza ya 1977 inawapa wenye hataza moja hisa sawa, isipokuwa wamekubaliana vinginevyo. Ukikaa kimya, sheria itakugawia.

Najua wengi wanaogopa kuibiwa wazo. Hofu hiyo ina msingi, ila dawa yake ni maandishi yenye tarehe na sahihi. Kunyamaza hakujamlinda mtu. Kumetunyima bidhaa tu.

Wala hatuanzishi jambo geni. Hapo Rochdale, mwendo mfupi kwa treni, mwaka 1844 wafumaji na mafundi 28 walichanga pauni 28 wakafungua duka la unga, siagi, sukari na mishumaa. Kila mwanachama alikuwa na kura moja, na faida iligawanywa kwa kadiri ya manunuzi. Nyumbani, wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro waliunda chama chao kikuu cha ushirika, KNCU, mwaka 1933. Hao hawakuwa matajiri. Walikuwa na kanuni zilizoandikwa, nao walizifuata.

Ombi langu ni moja. Kabla hatujaagana leo, tuchague kamati ya watu watano, wawemo kina mama na vijana, ituletee rasimu ya mkataba wa umiliki katika mkutano ujao. Na wewe mwenye wazo, liandike, ulitie sahihi, uwapelekee.