Namba ya Petroli: Ipi Inakufaa?

Leo tutasoma tarakimu, lakini si zile za ubaoni. Tutasoma namba ya petroli, tujue ina maana gani kwa injini yako na kwa mfuko wako.

Mwezi uliopita nilitembelea darasa moja huko Bunju B. Baada ya kipindi alinijia kijana mwendesha bodaboda. Pikipiki si mali yake. Kila jioni hana budi kumpelekea mwenyewe hesabu. Akaniambia, "Mwalimu, shikamoo. Injini yangu inagonga nikipakia abiria. Fundi amesema petroli ya kawaida haina nguvu, nitafute yenye namba kubwa. Lakini bei yake imezidi. Nifanyeje?"

Nikamjibu kwamba namba ile si kipimo cha nguvu. Basi ni kipimo cha nini? Sikilizeni.

Umewahi kujaza upepo baiskeli? Bila shaka umeona kwamba pampu hupata moto. Hewa ikigandamizwa hupata joto. Ndivyo ilivyo ndani ya silinda ya injini. Pistoni hupanda na kugandamiza hewa iliyochanganyika na petroli, kisha plagi hutoa cheche, na petroli huwaka kwa mpango. Lakini petroli nyingine haivumilii joto la kugandamizwa. Sehemu yake hulipuka yenyewe kabla moto wa plagi haujaifikia. Mlipuko huo huipiga pistoni kama nyundo, nawe husikia sauti kama ya kokoto ndani ya kopo. Huko ndiko kugonga. Kukiendelea siku nyingi, pistoni huharibika.

Namba ya okteni, ambayo mara nyingi huandikwa pamoja na herufi RON, huonyesha uvumilivu wa petroli. Kipimo hiki kilitungwa Marekani katika miaka ya 1920. Petroli ya 95 huvumilia zaidi kuliko ya 91. Lakini kuvumilia si kuwa na nguvu! Injini iliyoundwa kwa 91, ukiitilia 98, kwa kawaida haitakwenda mbio zaidi wala haitakula mafuta kidogo zaidi. Wanaohitaji namba kubwa ni wenye injini zinazogandamiza sana, hasa zenye turbo. Hao wakitia namba ndogo watajuta. (Wenye magari ya dizeli wasisumbuke na okteni. Dizeli imekusudiwa kuwaka yenyewe.)

Tufanye hesabu. Tuseme petroli ya namba kubwa inazidi bei kwa shilingi 200 kwa lita, nawe watumia lita 3 kwa siku. Ni shilingi 600. Kwa siku 26 za kazi ni shilingi 15,600. Andikeni jibu hilo katika madaftari, kisha mjiulize zingenunua nini nyumbani.

Utajuaje namba inayokufaa? Soma kitabu cha chombo chako, au tazama ndani ya kifuniko cha tangi. Magari mengi ya barabara yetu ya Bagamoyo yametoka Japani yakiwa yamekwisha kutumika. Huko petroli ya kawaida ina RON isiyopungua 89, na ile ya daraja la juu isiyopungua 96. Toyota IST na Vitz tunazoziona kila siku ziliundwa kwa ile ya kawaida. Subaru Forester yenye turbo ni habari nyingine. Tena, jihadharini na vitabu vya Marekani. Wao hupima kwa njia tofauti, hata 87 yao ni karibu sawa na RON 91 au 92. Mtu akisoma 87 akadhani gari lake laweza kunywa chochote, amekosea.

Sasa nirudi kwa kijana wetu. Pikipiki yake ni ndogo, ya kawaida kabisa. Kwa nini basi igonge? Nikamwuliza, "Mafuta wanunua wapi?" Akasema hununua ya chupa, kando ya barabara, kwa sababu sheli iko mbali na kijiwe chake. Tukachukua karatasi nyeupe, tukaiweka kivulini, mbali na moto na sigara, tukatia tone moja. Petroli safi hukauka upesi isiache doa. Yetu ilikauka, lakini ikabaki duara ya mafuta. Jaribio hili si la maabara, lakini linatosha kukutia shaka.

Shaka yenyewe ni mafuta ya taa. Okteni yake ni ndogo mno kuliko ya petroli. Ukiyachanganya, unashusha uvumilivu wa petroli yote, na pia oili ya injini huweza kuwa nyepesi. Zamani mafuta ya taa yalikuwa rahisi sana, na wachanganyaji walipata faida. Tangu mwaka 2010 mafuta ya nchini hutiwa vinasaba ili wakaguzi watambue yaliyochanganywa, na mwaka 2011 Serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili kishawishi kipungue. Lakini chupa ya kando ya barabara, nani anaikagua?

Kijana akahamia sheli, akawa anadai risiti. Baada ya siku chache alinipigia simu: kugonga kumepungua, ila hakujaisha. Fundi mwingine akafungua kichwa cha silinda, akakuta masizi yameganda juu ya pistoni. Masizi nayo huleta kugonga, kama vile joto la kupita kiasi, au kupakia mzigo ukiwa katika gia kubwa. Yakasafishwa. Kazi hiyo ilimgharimu siku mbili bila kubeba abiria, na mwenye pikipiki hakumsamehe hesabu hata ya siku moja.

Kabla ya somo lijalo, kila mwenye chombo, au mwenye jirani mwenye chombo, asome kifuniko cha tangi na kuandika namba atakayoikuta. Kama maandishi ni ya Kijapani, yanakilini mlivyoyaona. Tutayasoma pamoja.