VIDONDA VYA TUMBO: MARADHI YENYE SABABU NA YENYE DAWA

Mazungumzo ya afya kwa watumishi wa Serikali na wananchi



Maradhi ya vidonda vya tumbo si mageni katika visiwa vya Unguja na Pemba. Ni nadra kuikuta ofisi isiyokuwa na mtumishi anayeweka vidonge vya kutafuna ndani ya mtoto wa meza yake, au mtaa usiokuwa na mtu anayeamka usiku wa manane kutafuta maziwa ili atulize moto ulio chini ya kifua. Mtu huyo hujulikana na wenziwe kuwa ana vidonda. Ameacha pilipili, ameacha achari, ameacha maharage, na pengine ameacha hata kwenda harusini kwa kuchelea chakula cha watu. Juu ya yote hayo maumivu humrudia, naye amekwisha kukubali kwamba hiyo ndiyo hali yake mpaka mwisho wa umri wake.

Makusudio ya mazungumzo haya ni kueleza kwamba kukubali huko hakuna msingi. Vidonda vya tumbo vina sababu zinazojulikana, sababu hizo zinaweza kupimwa, na mgonjwa aliye wengi katika wagonjwa hawa anaweza kupona kabisa. Linalohatarisha maisha yake ni kuyatuliza maumivu mwaka hadi mwaka pasipo kuitafuta sababu.

KIDONDA CHA TUMBO NI NINI

Tumbo la binadamu hutoa tindikali kali kwa ajili ya kusaga chakula na kuua vijidudu vinavyoingia pamoja nacho. Ili tindikali hiyo isiunguze tumbo lenyewe, ukuta wa ndani umefunikwa na utando wa ute mzito, na chembe zake hujifanya upya kila baada ya siku chache. Ulinzi huo ukidhoofika, tindikali hupenya na kuula ukuta, na hapo hutokea kidonda. Kidonda huweza kuwa ndani ya tumbo lenyewe, au katika sehemu ya mwanzo ya utumbo mwembamba, pale chakula kinapotokea tumboni. Mahali pote pawili watu huita vidonda vya tumbo.

Kwa miaka mingi waganga waliamini kwamba ulinzi huo huharibiwa na fikra nyingi, hasira na vyakula vikali. Mgonjwa aliambiwa apumzike, ale vyakula laini na anywe maziwa. Wengine walikatwa sehemu ya tumbo kwa upasuaji. Dawa za kupunguza tindikali zilizoanza kutumika katika miaka ya 1970 zilileta nafuu kubwa, lakini zilipoachwa kidonda kilirudi kwa wagonjwa wengi.

Mabadiliko yalitoka katika mji wa Perth, Australia. Mwaka 1979 daktari Robin Warren, ambaye kazi yake ilikuwa kuchunguza vipande vya nyama ya mwili kwa darubini, aliona bakteria wenye umbo la kujipinda juu ya ukuta wa tumbo lenye uvimbe. Wakati huo iliaminiwa kuwa hakuna bakteria anayeweza kuishi ndani ya tindikali. Daktari kijana Barry Marshall alijiunga naye, na mwaka 1982 walifanikiwa kuwaotesha bakteria hao katika maabara. Walipoona wenzao bado wana shaka, Marshall mwenyewe aliwanywa bakteria hao mwaka 1984. Siku chache baadaye alianza kutapika, na kipimo kilionesha kwamba tumbo lake, lililokuwa zima, sasa lina uvimbe na limejaa bakteria. Mwaka 2005 madaktari hao wawili walitunukiwa Nishani ya Nobel ya tiba.

SABABU MBILI KUU

Sababu ya kwanza ni bakteria huyo, anayeitwa Helicobacter pylori. Hujitengenezea kinga inayoiua nguvu tindikali iliyo karibu naye, akajichimbia ndani ya ute, na akakaa humo kwa miaka mingi. Kwa kawaida huingia mwilini utotoni, kutoka kwa watu wa nyumba moja, kwa njia ya mate, matapishi au choo kinachofika mdomoni kwa mikono isiyooshwa au maji yasiyo salama. Watu wengi sana duniani wanaye, na walio wengi kati yao hawapati kidonda. Lakini wale wanaopata, kidonda chao hakitaondoka moja kwa moja mpaka bakteria aondolewe. Zaidi ya hayo, mwaka 1994 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, lilimweka bakteria huyo katika orodha ya vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, kwa kuwa huongeza uwezekano wa saratani ya tumbo.

Sababu ya pili inauzwa dukani. Nayo ni dawa za kutuliza maumivu za jamii ya aspirini, diklofenaki, ibuprofeni na indomethasini. Dawa hizi hupunguza maumivu kwa kuzuia kemikali fulani mwilini, na kemikali hizo hizo ndizo zinazoulinda ukuta wa tumbo. Mfano ulio wa kawaida ni wa mzee anayeumwa na magoti. Hununua vidonge viwili vitatu kila siku bila ya cheti cha daktari, akapata usingizi, akaendelea hivyo kwa miezi. Tumbo huenda lisimuume hata kidogo, kwani dawa hizi, hasa kwa wazee, huweza kuficha maumivu ya kidonda. Dalili yake ya kwanza ikawa ni kutapika damu.

Ama fikra nyingi na pilipili, hivyo peke yake havifanyi kidonda. Vinaweza kuzidisha maumivu kwa aliye nacho, na kwa hiyo kila mgonjwa ajiepushe na kile anachokiona kinamdhuru. Lakini asidhani kwamba kuacha pilipili ndiyo tiba. Uvutaji wa sigara huchelewesha kupona na hurejesha kidonda kilichopona. Pombe nayo huudhi ukuta wa tumbo.

DALILI, NA DALILI ZA HATARI

Dalili iliyo maarufu ni maumivu ya kuunguza au kutafuna, katikati ya sehemu ya juu ya tumbo, baina ya kitovu na kifua. Kidonda cha utumbo mwembamba mara nyingi huuma mtu anapokuwa na njaa au usiku, na hupoa kidogo baada ya kula. Kidonda cha tumbo lenyewe huweza kuuma zaidi baada ya chakula. Wengine hujaa gesi, hushiba upesi, au huona kichefuchefu. Dalili hizi hufanana na za maradhi mengine, kikiwamo kiungulia cha kawaida, mawe ya nyongo na hata maradhi ya moyo. Kwa hiyo si kila anayeumwa na tumbo ana vidonda, wala haifai mtu kujipa jina la maradhi kabla ya kupimwa.

Zipo dalili ambazo hazingoji asubuhi. Nazo ni kutapika damu, au matapishi yanayofanana na unga wa kahawa. Choo cheusi, chenye kunata kama lami na harufu kali. Maumivu makali ya ghafla na tumbo kuwa gumu kama ubao. Na kizunguzungu au kuzimia pamoja na mojawapo ya hayo. Mtu wa namna hii anavuja damu kwa ndani, au tumbo lake limetoboka. Apelekwe hospitali saa ile ile, asipewe chakula wala kinywaji, na asipewe dawa yoyote ya maumivu njiani. Vidonge vya madini ya chuma navyo hufanya choo kiwe cheusi. Anayevitumia amweleze daktari, lakini asijihukumie mwenyewe kwamba ndiyo sababu.

Mtu anayekonda bila ya kujua kwa nini, anayepungukiwa damu, anayeshindwa kumeza, au aliyeanza kuumwa na tumbo kwa mara ya kwanza akiwa mtu mzima wa makamo, naye asikae nyumbani. Huyo anahitaji uchunguzi mapema.

VIPIMO NA MATIBABU

Bakteria hupimwa kwa njia ya choo, kwa njia ya pumzi, au kwa kipande kidogo kinachochukuliwa tumboni wakati wa kipimo cha mpira wenye kamera. Kipimo cha damu kinachotafuta kinga huweza kubaki kikionesha kwamba bakteria yupo hata miaka mingi baada ya mtu kupona, na kwa hiyo hakitoshi kuthibitisha kwamba yupo sasa. Mgonjwa anayetumia omeprazoli na jamaa zake anatakiwa aziache kwa muda wa wiki 2 kabla ya kipimo cha choo au cha pumzi, na antibiotiki wiki 4, ili jibu lisije likawa la uongo. Jambo hili lifanyike kwa ushauri wa daktari.

Akionekana bakteria, mgonjwa hupewa dawa za aina kadhaa kwa pamoja: moja ya kupunguza tindikali, na antibiotiki mbili au zaidi, kama vile amoksisilini, klarithromisini, metronidazoli au tetrasaiklini, na pengine bismathi. Muda wake kwa kawaida ni siku 14. Mwenye mzio wa penisilini, mama mjamzito, na anayetumia dawa za maradhi mengine waseme mapema.

Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Siku ya tano maumivu huondoka, na vidonge vilivyobaki huwekwa kabatini au hupewa jirani mwenye maradhi kama hayo. Waliouawa ni bakteria dhaifu. Wenye nguvu wamebaki, nao sasa wameizoea dawa. Maradhi yakirejea, dawa ile haifai tena kwa mgonjwa huyo, na bakteria waliozoea dawa huweza kuwafikia watoto wake. Kugawana dozi moja kwa watu wawili ni kuwanyima wote wawili. Mgonjwa amalize siku zake zote, na baada ya wiki 4 au zaidi arudi kupimwa ili ahakikishe kwamba bakteria ameondoka.

Aliyepata kidonda kwa sababu ya dawa za maumivu aziache, na amwombe daktari dawa nyengine. Parasetamoli, ikitumiwa kwa kipimo chake, haina madhara hayo kwa tumbo. Lakini aliyepewa aspirini kwa maradhi ya moyo asiiache kwa uamuzi wake, bali arejee kwa daktari aliyempa.

Maziwa hutuliza kwa muda mfupi, kisha huchochea tumbo litoe tindikali zaidi. Asali, habasoda na mitishamba mengine inayotumiwa majumbani haijathibitika kuwa inatosha peke yake kumwondoa bakteria. Anayeitumia asifiche, kwa kuwa daktari anahitaji kujua kila kinachoingia tumboni mwa mgonjwa.

MWEZI WA RAMADHANI

Kila mwaka unapokaribia mwezi mtukufu wa Ramadhani, wagonjwa wengi huuliza kama wafunge. Mwenye kidonda kibichi, na zaidi aliyewahi kuvuja damu hivi karibuni, huweza kujitia hatarini akifunga. Dini imempa mgonjwa ruhusa ya kufungua na kulipa siku nyengine. Aliyepona, au aliyeruhusiwa na daktari, ale daku badala ya kuiacha, afuturu kwa kiasi, na apange saa za dawa zake kabla ya mwezi kuandama. Aonane na daktari katika mwezi wa Shaabani, asingoje kumi la mwisho.

KINGA

Kinga huanza nyumbani. Mikono ioshwe kwa sabuni baada ya kutoka chooni na kabla ya kupika, kula na kumlisha mtoto. Maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa, na visima vichimbwe mbali na vyoo. Desturi ya kumtafunia mtoto chakula iachwe, kwani mate ya mtu mzima huweza kumhamishia mtoto bakteria huyo. Dawa za maumivu zisinunuliwe kwa mazoea. Mwenye maumivu ya siku nyingi atafutiwe sababu ya maumivu hayo.

Wakuu wa ofisi nao wana sehemu yao. Mtumishi anayeomba ruhusa ya nusu siku kwenda kupimwa asionekane mvivu. Nusu siku hiyo ni ndogo kuliko wiki atakazolazwa akivuja damu, na ni ndogo zaidi kuliko pengo atakaloacha nyumbani kwake akifariki.

Ndugu wananchi, vidonda vya tumbo si tabia ya mtu wala si urithi wa lazima. Vina sababu, na sababu ikiondolewa kidonda hufunga. Mwenye maumivu ya muda mrefu afike katika kituo cha afya kilicho karibu naye, aeleze dawa zote anazotumia, apimwe, amalize dozi, kisha arudi kuhakikisha. Vile vidonge vilivyomo katika mtoto wa meza havitamfanyia kazi hiyo.