Demokrasia Inapobomolewa kwa Sheria

Yafuatayo ni maelezo yaliyotolewa mbele ya walimu na watumishi wa umma.



Zamani, serikali iliyochaguliwa ilipopinduliwa, wananchi walijua alfajiri. Walifungua redio wakasikia muziki wa bendi ya jeshi, na wote wakaelewa kwamba mambo yameharibika. Siku hizi redio huendelea na vipindi vyake. Bunge hukutana, uchaguzi hufanyika kwa tarehe yake, na majaji huvaa majoho yao. Hata hivyo, demokrasia yaweza kuwa imekwisha kuliwa ndani kama mbao iliyoingiwa na mchwa, ilhali rangi ya nje ingali inang'aa. Hii ndiyo hatari kubwa inayozikabili nchi za demokrasia huria leo: kubomolewa na watu waliochaguliwa kwa kura, kwa kutumia sheria zilizopitishwa bungeni.

Yafaa ieleweke kwanza kwamba demokrasia huria ni zaidi ya kupiga kura. Maana yake ni kwamba wengi hutawala, lakini hata hao wengi wamewekewa mipaka. Kuna katiba, kuna mahakama, kuna magazeti, na kuna haki ya mtu mmoja asiyekubaliana na wenzake. Mipaka hiyo ikiondolewa, uchaguzi hubaki, lakini anayeshindwa hana tena pa kusimama.

Mfano ulio wazi ni Hungaria, nchi ya Ulaya ya Kati yenye watu wasiofika milioni 10. Mwaka 1990 ilifanya uchaguzi wa vyama vingi, na mwaka 2004 ikaingia katika Umoja wa Ulaya. Wengi waliihesabu kuwa mwanafunzi bora wa darasa. Lakini mwaka 2006 ilisikika sauti ya Waziri Mkuu wa wakati huo, Ferenc Gyurcsány, akikiri mbele ya wabunge wa chama chake kwamba wananchi walikuwa wamedanganywa. Mwaka 2008 uchumi wa dunia uliyumba, na serikali ikalazimika kuomba mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa. Familia nyingi zilizokuwa zimekopa kwa faranga za Uswisi ili zipate nyumba ziliona malipo ya kila mwezi yakipanda kupita uwezo wao. Basi mwaka 2010 wapiga kura walikipa chama cha Fidesz, kilichoongozwa na Viktor Orbán, kiasi cha asilimia 53 ya kura. Kura hizo zilileta zaidi ya theluthi mbili ya viti, na theluthi mbili ilitosha kubadili katiba.

Wa kwanza kuguswa alikuwa mtumishi wa serikali. Mwaka huo huo wa 2010 ilipitishwa sheria iliyoruhusu mtumishi kuachishwa kazi bila kuelezwa sababu. Sasa, mtu asiyeelezwa kosa lake atajiteteaje mahakamani? Ikapitishwa pia kodi ya asilimia 98 juu ya kiinua mgongo kilichozidi kiwango fulani. Mahakama ya Katiba iliifuta kodi hiyo mwezi Oktoba. Mwezi uliofuata Bunge liliirudisha, na papo hapo likaipunguzia Mahakama hiyo madaraka yake katika mambo ya bajeti na kodi. Hapo ndipo lilipo fundisho zito: mwamuzi alipopiga filimbi, walibadili kanuni za mchezo.

Wa pili alikuwa jaji. Katiba mpya ilianza kutumika tarehe 1 Januari 2012. Umri wa majaji kustaafu ulishushwa kutoka miaka 70 hadi 62, na nafasi zaidi ya 200 zikabaki wazi kwa mara moja. Rais wa Mahakama Kuu, András Baka, aliyekuwa amezikosoa hadharani sheria hizo, aliondolewa kabla ya muda wake kwisha. Mwezi Novemba 2012 Mahakama ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba sheria ya umri ilikuwa ya ubaguzi. Mwaka 2016 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliamua kwamba haki za Baka zilivunjwa. Haki ilipatikana katika karatasi, lakini kiti chake kilikuwa kimekaliwa na mwingine kwa zaidi ya miaka minne.

Wa tatu alikuwa mwalimu. Mishahara ya walimu wa Hungaria ilikuwa miongoni mwa ya chini kabisa katika Umoja wa Ulaya, nao wakataka kugoma. Mwezi Februari 2022 serikali ilitoa amri iliyowalazimisha waliogoma kuendelea na sehemu kubwa ya kazi, hata mgomo ukakosa nguvu. Baadhi yao waliamua kutoingia darasani, wakijua adhabu yake. Majira ya vuli ya mwaka huo walimu kadhaa wa Budapest walifukuzwa kazi, na wanafunzi pamoja na wazazi wakajaa barabarani kuwatetea. Mwezi Julai 2023 Bunge lilipitisha sheria iliyowaondolea walimu hadhi ya watumishi wa umma.

Watetezi wa serikali hiyo walijibu kwamba haya yote yalifanywa na Bunge lililochaguliwa. Ni kweli. Lakini Bunge hilo pia ndilo lililoandika upya kanuni za uchaguzi, na mwaka 2014 kiasi cha asilimia 45 ya kura kilitosha kuleta viti 133 kati ya 199. Anayeshinda mchezo kisha akaupanga upya uwanja hawezi kudai kwamba kila ushindi wake ni sauti ya wananchi peke yake.

Ndugu, mambo mawili hayana budi kuzingatiwa. La kwanza, mlango ulifunguliwa na uongo pamoja na madeni. Raia aliyedanganywa, na ambaye nyumba yake iko hatarini, hatakesha akilinda mahakama. Demokrasia isiyosema kweli na isiyomjali mwenye dhiki hujichimbia kaburi lake yenyewe.

La pili ni utaratibu wa kuguswa: mtumishi mwaka 2010, jaji mwaka 2012, mwalimu mwaka 2022. Afisa anayeweza kufukuzwa bila sababu ataogopa kuandika katika jalada jambo lililo kweli. Jaji anayeweza kustaafishwa kwa hila atasita kumlinda afisa huyo, na mwalimu asiye na wa kumlinda atawafundisha watoto kunyamaza. Kwa hiyo, pale ambapo mtumishi mmoja mdogo ananyimwa haki ya kuelezwa kosa lake, shauri hilo halimhusu yeye peke yake. Linamhusu jaji, linamhusu mwalimu, na mwishowe linamhusu mpiga kura mwenyewe.