Mji wa Wapolandi Kando ya Msitu wa Budongo

Leo tunasafiri. Tunatoka hapa Dabani, Busia, karibu na mpaka wa Kenya, tunapita Jinja na Kampala, kisha tunaelekea kaskazini mpaka Masindi. Ukingoni mwa msitu wa Budongo kuna mahali panaitwa Nyabyeya. Zamani palikuwa na mji wa wakimbizi, na wakimbizi wenyewe walikuwa Wazungu.

Ndiyo, Wazungu, kutoka Poland. Mwaka 1940 na 1941 serikali ya Kisovieti iliwatoa majumbani mwao, ikawapakia kwenye mabehewa ya mizigo na kuwapeleka Siberia na Kazakhstan. Wengi walikufa kwa njaa na baridi. Mwaka 1942 maelfu ya walionusurika walivuka hadi Iran, na baadhi yao wakaletwa Afrika kwa meli. Wanaume wengi walikuwa jeshini, kwa hiyo waliofika walikuwa hasa akina mama na watoto, wengine yatima. Uganda iliwapa kambi mbili: Nyabyeya, na Koja kando ya Ziwa Victoria. Tanganyika nayo iliwapokea Tengeru, karibu na Arusha.

Walipewa nyumba za udongo zilizoezekwa kwa nyasi. Malaria iliwasumbua, kama inavyokusumbua wewe. Wakafungua shule, wakalima bustani, na kati ya 1943 na 1945 wakajenga kanisa la kudumu, ingawa kila siku walisema watarudi kwao. Kanisa hilo lingalipo, na wenyeji wanasali humo hadi leo. Ukutani kuna maandishi ya kueleza kwamba lilijengwa na Wapolandi waliokuwa uhamishoni.

Wengi hawakurudi. Vita vilipokwisha, nchi yao ilikuwa chini ya utawala ule ule waliouogopa, wakahamia Uingereza, Kanada na Australia. Siku hizi Nyabyeya kuna chuo cha misitu.

Karibu na kanisa kuna makaburi yao. Yana majina, na ndiyo maana jamaa wanaotoka ng'ambo huweza kumpata bibi au mjomba wao. Kwa hiyo nakuomba, ndugu yangu uliyezika mtu kambini: kibao cha mti huliwa na mchwa. Chora jina na mwaka kwenye saruji ikiwa bado mbichi. Andika pia kwenye daftari jina la kambi, mtaa na mahali kaburi lilipo, kisha mpe nakala ndugu anayeishi mbali nawe.